Mgeni Apewe Jembe



Limezuka swali ambalo serikali nyingi duniani zimelijibu kwa haraka, na baadhi yao zimelijibu kwa hasira. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki, na ni busara, serikali kupiga marufuku mitandao ya kijamii inayomilikiwa na wageni? Wapo wasemao ndiyo, kwa kuwa nchi iliyo huru haiwezi kuyaacha mazungumzo ya watu wake yaendeshwe na kampuni iliyo ng'ambo. Wapo wasemao hapana, kwa kuwa habari ni kama upepo, na upepo hauna forodha. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila upande umeshika nusu ya ukweli na kuiacha nusu ya pili, na kwamba njia iliyo bora wahenga walikwisha kuitaja: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Jambo hili si la mafundi wa mitambo peke yao. Mwalimu mkuu anapowaita walimu wenzake kikaoni, huwaita kwa WhatsApp. Mzazi hupelekewa matokeo ya mwanawe kwa njia hiyo hiyo. Karani wa wilaya hupiga picha barua yenye mhuri na kumrushia mkuu wake aliye safarini. Wote hao wanatumia mali ya Meta, kampuni yenye makao makuu yake Menlo Park katika jimbo la California, ambayo inamiliki pia Facebook na Instagram. Wanafunzi wao nao jioni hutazama TikTok, iliyoanzishwa na kampuni ya ByteDance ya Beijing. Katika mitandao hiyo mikubwa hakuna hata mmoja uliobuniwa Afrika Mashariki wala unaotawaliwa kutoka Afrika Mashariki. Kwa hiyo amri ya kufunga inapotolewa, inaingia darasani, inaingia ofisini, na inaingia nyumbani kwa mtu.

Swali la zamani

Watu wengi hudhani kwamba hofu ya vyombo vya habari vya kigeni imeanza na simu za mkononi. Sivyo. Katika miaka ya 1970 nchi changa zilitambua kwamba hata habari za majirani zao zilizipata kwa njia ya mashirika machache ya nchi tajiri: Reuters ya Uingereza, AFP ya Ufaransa, AP na UPI za Marekani. Mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kujua yaliyotokea Lusaka aliyasoma kama yalivyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa London au New York. Ndiyo maana nchi zisizofungamana na upande wowote zilianza mwaka 1975 utaratibu wa kubadilishana habari baina yao. Ndiyo maana Tanzania ilitunga mwaka 1976 sheria ya kuunda Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA. Na ndiyo maana nchi za Afrika ziliunda PANA, shirika lililoanza kazi mjini Dakar mwaka 1983. Mwaka 1980 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride wa Ireland ilitoa taarifa iliyokiri kwamba mtiririko wa habari duniani haukuwa wa haki, kwa kuwa ulitoka upande mmoja kwenda mwingine.

Marekani haikupendezwa na mwelekeo huo. Msimamo wake ulikuwa kwamba habari ziachwe zipite bila kizuizi, na kwamba kuuliza nani anamiliki chombo ni kuzipa serikali kisingizio cha kuwaziba watu midomo. Mwishoni mwa mwaka 1984 ikajitoa katika UNESCO, na mgogoro huo ulikuwa miongoni mwa sababu. Uingereza ikafuata mwaka 1985.

Na itazamwe historia ilivyogeuka. Aprili 2024 Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyoitaka ByteDance iuze TikTok ya Marekani, ama sivyo ifungiwe. Januari 17, 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ikaipitisha sheria hiyo kuwa halali. Mtandao huo ulizimika kwa saa chache, kisha Rais Donald Trump akaahirisha utekelezaji mara kadhaa, mpaka Januari 2026 ilipoundwa kampuni mpya ambamo wawekezaji wa Marekani na wenzao wanashika sehemu kubwa, na ByteDance ikabakiwa na chini ya asilimia 20. Yaliyoitwa woga wa nchi changa mwaka 1980 yaliitwa usalama wa taifa mwaka 2024. Kwa hiyo ile hoja kwamba umiliki hauna maana imekwisha kuzikwa, na waliokuwa watetezi wake wakuu ndio walioshika sepetu.

Madhara ya kweli

Hapana budi basi kukiri kwamba hofu ya mitandao ya kigeni haikutokana na ujinga. Madhara yapo, na ni ya aina tatu.

La kwanza ni uwezo wa kuchagua. Gazeti lina mhariri ambaye jina lake linajulikana na ambaye anaweza kushtakiwa. Katika mtandao wa kijamii, kazi ya mhariri hufanywa na kompyuta iliyopewa amri ya kutanguliza kile kitakachomfanya mtu aendelee kutazama. Na mara nyingi kinachomshika mtu ni kile kinachomkasirisha. Katika Myanmar, Facebook ilikuwa kwa watu wengi ndiyo intaneti yenyewe. Chuki dhidi ya Warohingya ilienezwa humo kwa miaka, na mwaka 2017 zaidi ya watu 700,000 wa kabila hilo walikimbilia Bangladesh. Novemba 2018 kampuni yenyewe ilikiri kwamba haikuwa imefanya vya kutosha kuzuia mtandao wake usitumiwe kuchochea ghasia. Kukiri huko kulikuja baada ya watu kufa.

La pili ni taarifa za watu. Mtandao unajua mtu yuko wapi, anazungumza na nani, ana ugonjwa gani alioulizia usiku wa manane, na ni hoja gani ya siasa inayomgusa. Taarifa hizo huhifadhiwa katika nchi nyingine, chini ya sheria za nchi nyingine, na raia wa Tanzania au Kenya hana mlango wa kubisha huko anapodhulumiwa.

La tatu ni mapato na kazi. Fedha za matangazo zilizokuwa zikilisha magazeti na redio za nchini huvuka mpaka. Na kazi inayobaki ni ile iliyo nzito kuliko zote. Mjini Nairobi vijana waliajiriwa na kampuni ya kandarasi kuitazama na kuiondoa katika Facebook michoro na picha za mauaji, ubakaji na ukatili wa kila namna, kwa lugha za Afrika. Wengi wao walisema kazi hiyo iliwaumiza akili, na wakaenda mahakamani.

Anayeyajua haya hawezi kusema kwamba serikali ikae kimya. Lakini kuwapo kwa ugonjwa hakuthibitishi kwamba kila dawa inaponya. Inafaa kuangalia waliokwisha kuinywa dawa ya marufuku wamepata nini.

Waliofunga wamevuna nini

India ndiyo mfano mkubwa kuliko yote. Juni 15, 2020 askari wa India na wa China walipambana katika bonde la Galwan, na askari 20 wa India wakafa. Wiki mbili baadaye, Juni 29, serikali ya India ilipiga marufuku programu 59 za Kichina, TikTok ikiwa mojawapo. India ilikuwa na watumiaji wa TikTok wapatao milioni 200. Je, watu hao walihamia wapi? Ni kweli kwamba kampuni za nchini zilijitokeza na programu zao, kama vile Moj na Josh. Lakini kabla ya Julai kwisha Instagram ilikwisha kuingiza nchini humo huduma yake ya video fupi, na Septemba YouTube ikaanzia huko huko huduma ya namna hiyo hiyo. Mchina aliondoka mlangoni, Mmarekani akaketi juu ya kiti kile kile. Ikiwa lengo lilikuwa kumwadhibu jirani, huenda lilitimia. Ikiwa lengo lilikuwa mazungumzo ya Wahindi yatawaliwe na Wahindi, sehemu kubwa ya lengo hilo haikufikiwa.

Uganda inatoa funzo la namna nyingine. Januari 11, 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilitangaza kwamba imefunga akaunti zilizohusishwa na wizara ya serikali, kwa madai kwamba zilitumiwa kwa udanganyifu kuwapamba wenye madaraka. Siku iliyofuata Rais Yoweri Museveni akatangaza kuifungia Facebook nchini humo, akisema kwamba kampuni ya kigeni haiwezi kuwaamulia Waganda nani mwema na nani mbaya. Hoja ya Rais Museveni ilikuwa na uzito wake: nani aliipa kampuni ya California ukadhi wa uchaguzi wa Uganda? Lakini tokeo lilikuwa nini? Facebook haikuanguka. Waganda waliendelea kuingia kwa kichochoro kinachoitwa VPN, yaani programu inayoificha simu ya mtu ionekane kana kwamba iko nchi nyingine. Aliyeumia ni mama mwenye kibanda aliyekuwa akitangaza vitenge vyake bila gharama, na hakujua njia ya kichochoro. Marufuku ilimkosa tajiri ikampata maskini.

Nigeria nayo ilipita njia hiyo. Juni 2021 Twitter ilifuta ujumbe wa Rais Muhammadu Buhari. Siku chache baadaye serikali ikausimamisha mtandao huo, na mwanasheria mkuu akaagiza wanaouingia washtakiwe. Kusimamishwa huko kulidumu takriban miezi 7, hadi Januari 13, 2022. Serikali ilieleza kwamba kampuni imekubali kujisajili nchini, kuteua mwakilishi na kulipa kodi. Hayo yalikuwa madai ya haki, na yangeweza kudaiwa kwa sheria hata kama hakuna ujumbe wa rais uliofutwa. Lakini adhabu ilikuja mara tu baada ya mkubwa kuudhiwa, na Julai 2022 Mahakama ya Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi ilitamka kwamba kitendo hicho kilivunja uhuru wa watu wa kutoa maoni. Aidha, ahadi za kampuni zisizofungwa na sheria ni za kupita. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo Twitter ilinunuliwa na Elon Musk, na mwezi uliofuata wafanyakazi wa ofisi yake ya Accra, iliyokuwa ya kwanza Afrika, walipewa barua za kuachishwa kazi.

Mfano mzito kuliko yote ni wa Nepal. Huko serikali ilidai kampuni zote zijisajili, na dai lenyewe halikuwa baya. TikTok ilijisajili na haikuguswa. Lakini Septemba 4, 2025 mitandao 26 iliyokuwa haijajisajili, pamoja na Facebook, YouTube na WhatsApp, ilifungwa kwa mara moja. Nepal ni nchi ambayo watu wake wengi wanafanya kazi ng'ambo, na mitandao hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya baba kwa watoto wake. Vijana waliokuwa tayari wamechoshwa na rushwa ya viongozi waliingia barabarani. Septemba 8 pekee watu 19 waliuawa. Usiku ule ule mitandao ikafunguliwa, na kesho yake Waziri Mkuu K. P. Sharma Oli akajiuzulu. Waliokufa hawakurudi. Serikali ilikuwa imeilenga kampuni, na risasi ikawapata watoto wa Nepal.

Nani anayelindwa?

Katika mifano hiyo lipo jambo ambalo mtumishi wa umma anapaswa kulitenganisha kwa makini, nalo ni tofauti baina ya taifa na serikali iliyopo. Taifa linadhulumiwa pale taarifa za raia wake zinapouzwa, pale kodi yake inapokwepwa, pale chuki inapopandwa baina ya watu wake. Serikali inaudhiwa pale inapokosolewa. Vyote viwili vinaweza kutokea katika mtandao mmoja na kwa siku moja, lakini havitibiwi kwa dawa moja. Ikiwa neno "ugeni" linakumbukwa tu siku ambayo mkubwa amesemwa, na kusahauliwa siku nyingine zote ambazo mkulima anaibiwa taarifa zake, basi wananchi wataona, na neno lenyewe litapoteza heshima yake. Siku taifa litakapokuwa na sababu ya kweli ya kulitumia, hakuna atakayesadiki.

Hata hoja ya maadili, ambayo walimu wanaijua uzito wake, inahitaji kipimo hicho hicho. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini Tanzania, na maelezo ya serikali yalihusu picha za ngono zinazoruhusiwa humo. Hakuna mzazi atakayezitetea picha hizo mbele ya watoto. Lakini kosa likiwa ni picha chafu, sheria na itaje kosa hilo, iutake mtandao uzizuie kwa watoto, iupe muda, na ipime mitandao yote kwa ratili moja. Mlango ukifungwa wote kwa sababu ya chumba kimoja, kijana mtundu hupata VPN kwa dakika mbili na kuingia katika chumba kile kile kilichokusudiwa kufungwa, wakati mwalimu mtiifu anabaki nje bila taarifa alizokuwa akizifuata kwa ajili ya somo lake. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wajiandikishe. Tangazo lenyewe ni ushahidi kwamba kichochoro kilikwisha kuwa barabara.

Wengine watataja China. Watasema kwamba China iliifunga Facebook na Twitter mwaka 2009, na leo ina mitandao yake yenyewe, Weibo na WeChat, mikubwa kupita kiasi. Ni kweli, na vyaelea vimeundwa. Lakini China ilikuwa na watu zaidi ya bilioni 1 wa kuihudumia mitandao hiyo, wahandisi kwa maelfu, na viwanda vya kuunda mashine zenyewe. Aidha gharama yake isisahauliwe: Mchina alipewa mtandao wa nyumbani, na pamoja nao akapewa mlinzi wa kusoma anayoyaandika. Nchi isiyo na mitandao yake, wahandisi wa kutosha wala soko la ukubwa huo, ikiiga ukuta peke yake, itapata kiza kilicho nyuma ya ukuta bila kupata soko lililo ndani yake.

Marufuku iliyo halali

Je, hii ina maana kwamba mtandao wa kigeni usifungwe kamwe? La. Brazil imeonyesha namna ya kufanya hivyo bila kuacha njia ya sheria. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya nchi hiyo ilikuwa imeamuru X ifunge akaunti zilizotuhumiwa kueneza uongo na kuishambulia demokrasia. Kampuni ilikaidi, na Agosti 2024 ikafunga ofisi yake nchini, ikawa haina mtu wa kupokea hati ya mahakama. Jaji Alexandre de Moraes aliipa muda iteue mwakilishi. Ilipokataa, Agosti 30 mtandao ulifungwa, na majaji wenzake wa jopo wakaithibitisha amri hiyo. Masharti ya kufunguliwa yalijulikana tangu siku ya kwanza: teua mwakilishi, tekeleza amri, lipa faini. Kampuni ya mmoja wa watu matajiri kuliko wote duniani ikafanya yote matatu, ikalipa zaidi ya reali milioni 28, na Oktoba 8 mtandao ukafunguliwa.

Haikuwa kazi isiyo na dosari. Kutishia faini ya reali 50,000 kwa siku kwa raia atakayetumia VPN kulikuwa kumchapa asiyekosa. Lakini tofauti yake na mifano iliyotangulia ni bayana. Aliyefunga alikuwa mahakama, kosa lilitajwa, onyo lilitangulia, na njia ya kurudi ilionyeshwa. Marufuku ya namna hiyo ni sawa na kumfungia duka mfanyabiashara aliyekataa kufuata leseni. Duka hufunguliwa akishafuata. Kipimo chake hakibadiliki mfanyabiashara awe wa Kariakoo au wa California.

Jembe lenyewe

Sasa linakuja swali la vitendo: jembe ambalo mgeni apewe ni lipi?

Kwanza ni sheria ya taarifa binafsi, na sehemu kubwa ya sheria hiyo imekwisha kutungwa. Kenya ina sheria yake tangu mwaka 2019. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeundwa. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Malabo mwaka 2014 ulianza kuwa na nguvu Juni 2023. Kazi iliyobaki ni utekelezaji, na utekelezaji unaweza kufanyika. Mwaka 2024 tume ya ushindani ya Nigeria iliitoza Meta dola milioni 220 kwa namna ilivyotumia taarifa za Wanigeria, na Aprili 2025 baraza la rufani likaithibitisha adhabu hiyo. Ni nchi ile ile ambayo mwaka 2021 ilisimamisha Twitter kwa miezi 7. Alama ya nguvu ipi ni kubwa zaidi, ile ya kufunga au hii ya kutoza?

Pili ni uwakilishi na uwajibikaji mahakamani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kampuni isiyo na ofisi wala mwakilishi ni nyoka wa mbali. Hata hivyo mahakama zinaweza kuirefusha fimbo. Meta ilipodai kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya na vijana wale waliochuja picha za ukatili, kwa kuwa yenyewe si kampuni ya Kenya, mahakama ilikataa; na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba inaweza kushtakiwa. Hukumu hiyo haikumnyima hata Mkenya mmoja mawasiliano yake, lakini ilimwambia mgeni kwamba akivunja mtungi katika nyumba ya watu, ataulizwa katika nyumba hiyo hiyo.

Tatu ni kodi. Tangu Julai 2022 Tanzania inatoza asilimia 2 ya mapato ya huduma za kidijitali zinazotolewa na kampuni zisizo na makazi nchini. Kodi ya namna hiyo humwangukia anayevuna. Uganda ilijaribu kinyume chake Julai 2018, ilipomtoza mtumiaji mwenyewe shilingi 200 kwa siku ili aingie katika mitandao. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti, ambao nao unamwangukia mtumiaji yule yule.

Nne ni lugha. Kiswahili kinasemwa na mamilioni ya watu kutoka Mombasa hadi Kisangani, na ni haki ya wasemaji wake kuidai kila kampuni iajiri, kwa mishahara na matunzo ya heshima, watu wa kutosha wanaoelewa tofauti ya utani na uchochezi katika lugha hiyo. Maafa ya Myanmar yalikuzwa na kampuni iliyokuwa ikichuma katika nchi ambayo lugha yake haikuwa na wachujaji wa kutosha.

Tano ni umoja. Mwezi Mei 2023 Meta ilitozwa euro bilioni 1.2 na msimamizi wa taarifa wa Ireland. Mei 2025 TikTok ikatozwa euro milioni 530. Hakuna aliyezifunga. Kampuni hizo zinasikiliza kwa sababu nyuma ya Ireland zimo nchi 27 zenye sheria moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8 na watu zaidi ya milioni 300. Nchi moja ikidai peke yake, kampuni inaweza kupiga hesabu na kuamua kuondoka. Nchi 8 zikidai kwa sauti moja, hesabu hiyo inabadilika.

Wajibu wa mtumishi na wa mwalimu

Mwisho, lipo eneo moja ambalo serikali ina haki kamili ya kupiga marufuku bila kwenda mahakamani, nalo ni katika vifaa vyake yenyewe. Marekani iliiondoa TikTok katika simu za serikali kuu kwa sheria ya Desemba 2022. Tume ya Ulaya na Uingereza zikafanya hivyo kwa simu za watumishi wao mapema mwaka 2023. Simu ya serikali ni kama kabati la faili, na mwenye kabati ndiye mwenye ufunguo. Lakini ukweli wa maofisi mengi ni kwamba faili huandikwa "siri" kwa wino mwekundu asubuhi, na mchana hupigwa picha na kurushwa katika kundi la WhatsApp lenye watu ambao nusu yao walikwisha kuhama kituo. Tanzania ina sheria ya serikali mtandao tangu mwaka 2019, na ina mfumo wa barua pepe wa serikali. Ofisa anayeandika barua ya kazi kwa anwani yake binafsi iliyo katika kompyuta za ng'ambo, kisha akasimama jukwaani kudai mitandao ya kigeni ifungwe, anamfukuza mwizi kwa mdomo huku mkononi ameshika ufunguo aliompa.

Kwa upande wa mwalimu, wajibu ni mkubwa zaidi kwa sababu matunda yake hudumu. Mtoto aliyefundishwa kuuliza nani ameandika habari hii, ameitoa wapi, na nani anafaidika nikiiamini, ana kinga ambayo hakuna amri ya serikali inayoweza kuitoa wala VPN inayoweza kuikwepa. Mtoto asiyefundishwa hivyo atadanganywa na mtandao wa kigeni leo, na kesho atadanganywa na mtandao wa nyumbani kwa lugha ya mama yake.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa ni hili. Serikali isiufunge mtandao kwa sababu tu mwenyewe ni mgeni, wala kwa sababu umemuudhi mkubwa. Iufunge pale tu mahakama itakapoona kwamba umevunja sheria iliyo wazi, umeonywa ukakaidi, na hakuna adhabu ndogo iliyofaa; na siku ya kuufunga itaje masharti ya kuufungua. Kabla ya hapo kazi ipo nyingi, nayo ni ya kuandika sheria, kukagua hesabu, kudai kodi, kuajiri wakaguzi wanaoijua kompyuta kama mhasibu anavyoijua leja, na kukaa na majirani ili kudai kwa pamoja. Ni kazi ya polepole isiyopigiwa makofi, nayo inahitaji watumishi watakaoisoma sheria mpaka ukurasa wa mwisho. Amri ya kufunga huandikwa kwa mstari mmoja, na labda ndiyo sababu inapendwa.